Hesabu Iliyorudi Nyumbani: Bungu, Data Huria na Wajibu wa Mchungaji

Utangulizi

Bungu ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Lindi na Mtwara, kabla msafiri hajafika Kibiti na mto Rufiji. Apitaye kwa basi huona mikorosho, minazi na miembe, na pengine haoni zaidi ya hapo. Lakini watu wa eneo hili, ambao wengi wao ni Waislamu, walio wakulima wa mihogo, mpunga na korosho, wamekuwa na sehemu katika badiliko ambalo vyuo vikuu vya dunia nzima vinalijadili leo. Kuanzia mwaka 1998, kwa muda wa miaka mingi, kuzaliwa kwao, kuhama kwao na kufa kwao kuliandikwa kaya kwa kaya, na maandishi hayo yakawa chimbuko la elimu iliyosomwa mbali sana na Pwani.

Katika makala hii tunakusudia kueleza historia ya hesabu hiyo, na kuonyesha jinsi ilivyo sehemu ya safari ndefu ya utafiti: kutoka kwa msomi mmoja mwenye daftari lake, hadi kwenye hazina kubwa za data ambazo msomi yeyote aweza kuziomba na kuzitumia. Hizi za mwisho ndizo ziitwazo data huria. Msomaji aweza kuuliza: jambo hili lahusu nini jarida la theolojia? Lahusu kwa sababu mbili. Kwanza, vinavyohesabiwa si magunia bali ni watu, walioumbwa kwa mfano wa Mungu. Pili, Kanisa lenyewe ni mhesabu wa siku nyingi. Vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi vilivyomo katika kabati za sharika zetu ni data, ijapokuwa hatujazoea kuviita hivyo.

Hoja yetu ni moja. Historia ya Rufiji yatufundisha kwamba hesabu ilileta uhai si pale iliposafiri mbali, bali pale iliporudi nyumbani kwa waliohesabiwa. Uwazi usiofika Bungu ni uwazi nusu.

Mtafiti na daftari lake

Kabla ya mwaka 1998 bonde la Rufiji halikukosa watafiti. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ambayo iliwahamisha watu kutoka mashamba yao ya bondeni na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye sehemu za mwinuko. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hasa wa taasisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi iliyoanzishwa mwaka 1967 na kujulikana kwa kifupi kama BRALUP, walikwenda kuchunguza maisha ya wakulima hao. Audun Sandberg, kwa mfano, alitoa mwaka 1974 taarifa yake juu ya hali ya watu wa uwanda wa mafuriko wa Rufiji ya chini. Ng'ambo ya delta, katika kisiwa cha Mafia, Pat Caplan alianza utafiti wake mwaka 1965, akarudi mara kwa mara kwa miongo mingi, na mwaka 1997 akachapisha kitabu kilichojengwa juu ya maisha ya mtu mmoja wa kijijini, mke wake na binti yao.

Utafiti wa namna hii una heshima yake, nasi hatupendi kuudharau. Mtafiti alijua nyumba alimokula, alijua nani amekosana na nani, na alisikia maneno kwa sauti ya msemaji mwenyewe. Hata hivyo ulikuwa na mipaka miwili. Daftari lilikuwa mali ya mtafiti: msomi mwingine aliyetaka kuyapima matokeo yake hakuwa na njia ila kuamini kilichochapishwa, na mwenye daftari alipofariki mara nyingi elimu ile ilikwenda naye. Tena, daftari la mtu mmoja halikuweza kujibu maswali ambayo mama wa Bungu angeyaona makubwa kuliko yote: ni watoto wangapi wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na wanakufa kwa sababu gani?

Serikali nayo haikuwa na jibu la uhakika. Sensa ya taifa huja mara moja kwa muda mrefu. Ile ya mwaka 1988 ilifuatwa na ya mwaka 2002. Vitabu vya hospitali viliwataja wale tu waliofika hospitali, hali watu wengi wa vijijini walifia nyumbani. Basi mganga mkuu wa wilaya alipanga matumizi ya dawa na fedha kama nahodha anayeelekeza chombo usiku bila kuona nyota.

Hesabu ya Rufiji

Katikati ya miaka ya 1990 Wizara ya Afya, pamoja na shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo lijulikanalo kama IDRC, ilianzisha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali la mradi lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, wilaya ikijua kwa hakika magonjwa yanayowaua watu wake, na ikipewa fedha kidogo za nyongeza na uhuru wa kupanga, vifo vitapungua?

Ili kulijibu ilibidi kuhesabu. Mwishoni mwa mwaka 1998 ilifanyika sensa ya kwanza katika vijiji zaidi ya 30 vya Rufiji, kutoka Bungu hadi Ikwiriri, vyenye watu wapatao 85,000, yaani karibu nusu ya wakazi wa wilaya ya wakati ule. Bungu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti iliyomegwa kutoka Rufiji, ilikuwamo. Baada ya sensa hiyo wahojaji walizitembelea kaya zote mara tatu kila mwaka, wakiandika waliozaliwa, waliohamia, waliohama, waliooa na waliofariki. Katika kila kijiji palikuwa na wenyeji waliopewa kazi ya kutoa habari za uzazi na msiba. Palipotokea kifo, na siku za matanga zikiisha kupita, mhojaji alikwenda kwa jamaa wa marehemu akauliza: je, alikuwa na homa? Alipumua kwa shida? Alipelekwa wapi kwanza? Majibu hayo yakasomwa na madaktari, nao wakakadiria sababu ya kifo.

Tutue kidogo hapa. Kila tarakimu katika majedwali ya Rufiji ilianza na mtu aliyeketi juu ya mkeka akikumbuka siku ambayo asingependa kuikumbuka tena. Mama alimweleza mgeni jinsi mwanawe alivyokufa, ili watoto wa wengine wapone. Hakulipwa kwa machozi yake. Mwenye kuisoma data hiyo, popote alipo, amepokea sadaka.

Nayo sadaka hiyo haikupotea. Makisio yaliyofanywa Morogoro yalionyesha kwamba malaria ilikuwa ikichukua kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa kama asilimia 5 tu ya fedha. Wala hapakuwa na mtu mwovu aliyepanga hivyo. Hapakuwa na aliyejua. Takwimu zilipochorwa katika michoro myepesi na kuwekwa mbele ya wakuu wa afya wa wilaya, wao wenyewe walibadili mgawanyo. Fedha za nyongeza zilikuwa kama dola moja ya Kimarekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika wilaya hizo mbili vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka mitano hivi. Yatupasa kusema kwa haki kwamba si mradi pekee uliofanya hayo, maana vifo vya watoto vilikuwa vikipungua nchini kote katika miaka ile. Lakini hakuna awezaye kukana kwamba wilaya iliyoona ilipanga vizuri kuliko ilivyopanga ikiwa gizani.

Milango iliyofunguliwa

Novemba mwaka ule ule wa 1998, katika jiji la Dar es Salaam, vituo vya namna ya Rufiji kutoka Afrika na Asia viliunda umoja wao, ulioitwa INDEPTH, ambao makao yake yakawa Accra, Ghana. Kwa miaka mingi kila kituo kilikuwa kimeshika data zake kama mkulima ashikavyo mbegu yake. Mwaka 2013 umoja huo ulifungua hazina ya pamoja, ambamo vituo viliweka data zilizoondolewa majina ili wasomi wengine wazitumie. Mwaka 2014 ulichapisha kwa pamoja habari za vifo zaidi ya 110,000 kutoka vituo 22, vikiwamo Kilifi, Kisumu na Nairobi. Hakuna mtafiti mmoja, hata akiishi umri wa Methusela, awezaye kukusanya habari za misiba mingi kiasi hicho.

Njia nyingine ilikuwa ile ya uchunguzi wa kitaifa wa afya na uzazi, ujulikanao kama DHS, uliofanyika Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na 1992, na ambao data zake alipewa bure kila msomi aliyeziomba kwa sababu njema. Mfano wake bora ni wa nyumbani kwetu. Mwaka 2008 Honorati Masanja, wa taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara, pamoja na wenzake, walichukua data za chunguzi za namna hiyo zilizokwisha kufanyika, wakaziuliza swali jipya, wakaonyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano nchini vilipungua kwa asilimia 24 kati ya mwaka 2000 na 2004. Hawakuhitaji kutuma wahojaji wapya. Walihitaji swali zuri na uaminifu wa kulifuata.

Hapo ndipo badiliko lilipo. Zamani msomi alianza na swali, kisha akaenda kutafuta habari. Siku hizi habari mara nyingi zimekwisha kuwako, na kazi ya msomi ni kuuliza. Zamani aliyekosea aligunduliwa kwa nadra. Siku hizi mwingine aweza kuchukua data zile zile na kuipitia hesabu upya. Hili ni jambo la kumshukuru Mungu, kwa kuwa kweli haiogopi kukaguliwa.

Lakini kila mlango una upepo wake. Mwenye kompyuta yenye nguvu, umeme usiokatika na walimu wa takwimu huchuma haraka kuliko aliyelima. Yawezekana kijana wa London akaandika juu ya vifo vya Rufiji bila kujua kwamba Bungu na Ikwiriri ni miji miwili, na kijana wa Bungu asisikie kamwe kwamba makala hiyo iliandikwa. Tena hazina ya data ina mwenye kuilipia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilikatisha ufadhili wake kwa mpango wa DHS, na kazi iliyochukua miongo minne kujengwa ikatikisika katika majuma machache. Ghala lililo wazi kwa wote laweza kufungwa na mtu mmoja, ikiwa ufunguo wake uko mfukoni mwake.

Vitabu vya Kanisa

Sasa tugeukie nyumba yetu wenyewe. Wanahistoria wamegundua kwamba vitabu vya sharika za Afrika Mashariki ni hazina isiyo na mfano. Shane Doyle, katika kitabu chake cha mwaka 2013, alitumia kumbukumbu za makanisa kuandika historia ya uzazi na vifo katika Buhaya, Buganda na Ankole, kwa miaka ambayo serikali za kikoloni hazikuwa na takwimu za kuaminika. Felix Meier zu Selhausen na wenzake walisoma vitabu vya ndoa vya Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, tangu mwaka 1895 hadi 2011, wakalinganisha kazi ya bwana arusi na kazi ya baba yake. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2018 walionyesha kwamba watoto wa Wakristo walipata kupanda ngazi za kazi katika wakati wa ukoloni bila kufungwa na asili ya baba zao. Makarani na mapadre walioandika majina yale kwa kalamu ya wino hawakudhani kwamba walikuwa wakiandika historia ya jamii.

Itakuwa hasara kubwa basi kuviacha vitabu vyetu viliwe na mchwa. Lakini kabla hatujavitoa vyote na kuviingiza katika kompyuta, hatuna budi kukumbuka habari moja ya ndugu zetu wa Ujerumani. Tarehe 7 Aprili 1933 ilitolewa sheria iliyowaondoa katika utumishi wa serikali watu walioitwa wasio Waarya, na tangu hapo mamilioni ya Wajerumani walitakiwa kuonyesha asili ya babu na bibi zao. Ushahidi huo ulikuwa wapi? Ulikuwa katika vitabu vya ubatizo. Mjini Berlin, mwaka 1936, ilianzishwa ofisi ya vitabu vya kanisa chini ya mchungaji Karl Themel. Ilikusanya vitabu vya sharika nyingi, ikanakili ubatizo kwenye kadi, na ikatenga kadi za Wayahudi waliobatizwa na wazao wao. Habari zao zikafikishwa kwenye ofisi za dola iliyokuwa ikiwawinda. Huo ndio mji ambao chama chake cha misheni kilipeleka wamisionari Dar es Salaam mwaka 1887. Kitabu kilichoandika neema kikawa kitabu cha hukumu, na aliyekigeuza alikuwa amevaa joho kama letu.

Wala mtu asiseme kwamba hayo ni ya Ulaya tu. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji, viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa na watu wasiojulikana. Siku moja ya Aprili 2017 waliuawa askari wanane. Katika majira ya hofu kama hayo, orodha inayosema nani mkuu wa kaya na nyumba yake iko wapi si karatasi tu. Ikiwa mikononi mwa mwema hupeleka chanjo. Ikiwa mikononi mwa mwovu hupeleka kifo.

Daudi, Mchungaji Mwema na Luther

Maandiko yanazijua hesabu za namna zote mbili. Katika Hesabu 1 Mungu mwenyewe aliagiza watu wahesabiwe, na katika Kutoka 30 kila aliyehesabiwa alitoa fidia ya nafsi yake kwa Bwana, ikawa ishara kwamba uhai wake haukuwa mali ya mwenye kuhesabu. Lakini katika 2 Samweli 24 mfalme Daudi aliwahesabu watu ili ajue ukubwa wa upanga wake, na tauni ikafuata. Mwandishi wa 1 Mambo ya Nyakati 21 aongeza kwamba Yoabu, aliyetumwa kufanya kazi hiyo, alichukizwa nayo hata hakuwahesabu Walawi na Wabenyamini. Tofauti haikuwa katika tarakimu. Ilikuwa katika swali la nani atakayefaidika. Mwenye kondoo mia katika Luka 15 naye alihesabu, tena kwa uangalifu, kwa sababu asingehesabu asingejua kwamba mmoja amepotea. Hesabu yake ilimtoa kwenda kumtafuta aliyepotea. Na yule wa Yohana 10 awaita kondoo wake kwa majina.

Walutheri tunao mfano wetu pia. Kati ya mwaka 1527 na 1529 sharika za Saksonia zilikaguliwa moja baada ya nyingine, na Martin Luther mwenyewe alishiriki. Wakaguzi waliuliza watu wanajua nini na wachungaji wanafundisha nini, na majibu yalisikitisha. Luther hakuyaweka majibu hayo katika sanduku, wala hakuyatangaza ili kuwaaibisha wakulima. Mwaka 1529 alitoa Katekisimu Ndogo, kitabu ambacho baba wa nyumba aliweza kukifundisha mezani. Huo ulikuwa utafiti uliorudi nyumbani, na tunda lake tunalila hata leo.

Kwa kipimo hicho twaweza kuzipima kazi za siku hizi. Mchungaji anayeombwa kufungua vitabu vya usharika kwa watafiti asikatae kwa sababu ya hofu, wala asikubali kwa sababu ya kusifiwa. Na aulize kwanza ni nani watakaoona majina. Vya waliokwisha kulala miaka mingi vyaweza kufunguliwa kwa wepesi zaidi. Vya walio hai vyahitaji ulinzi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yatuwajibisha sisi pia. Kisha na aulize ni kitu gani kitakachorudi, kwa lugha gani na kwa nani. Makala iliyochapishwa ng'ambo peke yake si jibu. Mchoro mmoja mwepesi, ulioelezwa kwa Kiswahili chini ya mwembe, mbele ya wazee na kina mama, ni jibu.

Vyuo vyetu vya theolojia navyo vina deni. Tunamfundisha mwanafunzi Kiyunani ili asidanganywe na tafsiri. Yatupasa kumfundisha kusoma jedwali ili asidanganywe na takwimu. Na ajue kwamba wastani huficha: wilaya yaweza kuendelea hali kijiji kimoja cha delta, kisichofikika ila kwa mtumbwi, kimeachwa nyuma. Na ajue pia kwamba hesabu ya majirani zetu Waislamu tumepewa tuwatumikie, si tuwashindanie. Mtoto aliyeokolewa na chandarua hakuulizwa dini yake.

Hitimisho

Ifikapo mwaka 2012 watu waliofuatiliwa Rufiji walizidi 100,000, na waliosoma data zao walikuwa wameenea katika mabara mengi. Hatutaki dunia irudi kwenye daftari lililofungwa. Wingi wa macho umeifanya elimu kuwa ya kweli zaidi, na kweli hiyo imeokoa uhai. Tunachodai ni kwamba neno huria lipimwe kutoka upande wa Bungu. Data haijawa wazi kwa sababu tu profesa wa mbali aweza kuifungua. Imekuwa wazi siku ambayo mama aliyejibu maswali juu ya mkeka aweza kuambiwa, kwa maneno anayoyaelewa, kifo cha mwanawe kimefundisha nini na kimebadili nini. Kazi ya kupeleka habari hiyo si ya watakwimu peke yao. Ni kazi ya kila aliyeitwa kuwa mchungaji, kwa maana yeye hupita katika nyumba hizo hizo, na majina ya watu anayajua.